Kituo cha kujitolea cha boti ya uokoaji: boti ni swali la mwisho

Mkuu, umeuliza kikundi cha kujitolea cha kuokoa watu baharini kinunue boti gani, ukatolea mfano RNLI, shirika la kujitolea la boti za uokoaji la Uingereza. Nitajibu kwa jinsi vituo vya kule vinavyoendeshwa, ila boti iweke pembeni kwanza. Kituo hukwama zaidi saa nane mchana siku ya kazi, watu wanapokosekana, kuliko kinavyokwama kwa ubovu wa mashine.

RNLI ilianzishwa 1824, si mali ya serikali, na vituo vyake zaidi ya 230 vinategemea michango. Wanaopanda boti wengi ni walimu, mafundi na wenye maduka. Ukipiga 999, namba ya dharura ya kule, au ukiita chaneli 16 ya VHF, redio ya baharini, anayepokea ni mlinzi wa pwani wa serikali. Yeye huomba boti, msimamizi wa kituo huidhinisha, ndipo peja, vifaa vidogo vya kuitia wahudumu, zinalia. Msimamizi huyo anabaki nchi kavu kwa makusudi: asiyekwenda baharini ndiye mwenye kichwa baridi cha kusema leo haiwezekani.

Boti yao ndogo, D class, ni ya mpira, mita 5, mashine moja ya nguvu za farasi 50. Hubeba wahudumu 3, kasi noti 25 (maili za baharini kwa saa), mafuta ya saa 3 kwa kasi hiyo. Kwa nafasi 3 tu, mimi nisingeanza na watu chini ya 15, wote wanaoishi au kufanya kazi dakika chache kutoka banda la boti. Anayefika wa kwanza si lazima apande. Nahodha ndiye anayechagua. Na usisahau wa ufukweni: ukiwa na mabaharia kumi na dereva mmoja wa trekta la kuishusha boti majini, siku akisafiri huna kituo.

Kushusha boti kwenye mawimbi ndiko kunakoumiza watu. Tela liingie maji, omo, yaani mbele ya boti, ielekee mawimbi, watu wawili waishike boti isigeuke ubavu. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu. Subiri fungu lipite, kisha toka. Ukikaribia kilele punguza mafuta, la sivyo boti itaruka, upepo utaingia chini ya omo na kuipindua kichwa chini. Ndiyo maana mmoja hulala mbele, uzito wake uizuie omo isiinuke. Kamba ya kuzima mashine ifungwe kwenye mguu wa nahodha kabla ya kuwasha, wala si baadaye.

Kumchukua mtu majini: mkaribie ukiwa umeelekea upepo, mashine nje ya gia anapofika ubavuni. Kama amekaa majini muda mrefu, mnyanyue akiwa amelala kama hali inaruhusu. Maji yalikuwa yakiibana miguu yake; ukimvuta wima, damu hushuka ghafla na anaweza kuzimia, hata moyo kusimama.

Mkirudi, kazi bado. Fungulia maji matamu kwanza ndipo uwashe mashine, kwa sababu impela, gurudumu la pampu linalosukuma maji ya kupoozea, ni mpira na huungua haraka ikizunguka bila maji. Iache ipate moto hadi themostati, vali inayofunguka kwa joto, ifunguke. Dakika mbili tatu hazitoshi, chumvi inabaki kwenye njia za kupoozea. Beringi za magurudumu ya tela ndizo husahaulika. Ukilivuta tela mbali barabarani kisha ukalizamisha papo hapo, habu (kitovu cha gurudumu) yenye moto inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji ya chumvi kupitia sili, mpira wa kuzuia maji. Ukiona grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, fungua, safisha, paka mpya siku hiyohiyo. Jaketi za kuokolea zinazojijaza hewa zenyewe: kaza chupa ya gesi kwa mkono kila ukaguzi, mtikisiko huilegeza. Mafuta yajazwe kabla watu hawajaondoka.

Sasa boti. Ufukwe wa mchanga na visa vya karibu: boti ya mpira ya mita 5 inatosha, na ikipinduka wahudumu wanaweza kuigeuza wenyewe. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Atlantic 85, boti nyingine ya RNLI, ina mashine mbili za farasi 115 kila moja, kasi noti 35, na mfuko wa hewa juu ya fremu ya nyuma wa kuigeuza ikipinduka. Shannon, boti yao kubwa ya mita 13.6, inagharimu zaidi ya pauni milioni 2 na inataka watu 6 kila safari. Kikundi kinachoanza kisiiwaze.