Mikimbio miwili bila

Swali: Naandika makala kuhusu fainali ya besiboli ya Marekani ya 1955, kati ya Brooklyn Dodgers na New York Yankees. Niliandika hivi: "Dodgers waliwafunga Yankees mabao mawili kwa bila, na mrushaji Johnny Podres akamaliza mchezo bila kuguswa." Mhariri ameirudisha sentensi nzima. Kosa liko wapi? (Msomaji, Arusha)

Jibu: Yako matatu, na la mwisho ndilo zito.

"Kwa bila" tuimalize haraka. "Bila" inajitosheleza, watangazaji husema "mbili bila" na kila mtu akaelewa. Ukiitaka "kwa", ifuatishie jina: kwa sifuri, au kwa nunge, kama wapendavyo wenzetu wa Kenya.

Pili, besiboli haina lango. Mchezaji huipatia timu yake alama kwa kuzipita besi tatu, yaani vituo vya kukimbilia, na kurudi pale alipopigia mpira. Waandishi wetu wa kriketi wana neno "mkimbio", wingi "mikimbio", nalo linafaa kabisa hapa. Andika "mikimbio miwili". Kitenzi "funga" nacho kiache. Kwetu sisi wa soka, kufungwa ni kuruhusu bao, na pia ni kushindwa mechi. Ukisema mtu "alishinda bila kufungwa", msomaji atauliza mshindi angefungwaje.

Sasa "bila kuguswa". Hapo umepotosha habari yenyewe. Siku ile, 4 Oktoba 1955, katika mechi ya saba na ya mwisho, Yankees waliipiga mipira ya Podres na kufika besi mara nane. Hatari kubwa ilikuwa zamu ya sita ya Yankees kupiga: Billy Martin wao yuko besi ya pili, Gil McDougald ya kwanza, na hakuna aliyetolewa. Mwenzao Yogi Berra akaupeleka mpira mbali, pembeni kabisa mwa uwanja wa kushoto. Sandy Amorós wa Dodgers, aliyekuwa ameingizwa upande huo zamu hiyohiyo, akakimbia mbio ndefu, akanyoosha mkono wa kulia wenye glavu, akaudaka. Mpira ukarudishwa kwa mwenzake Pee Wee Reese, naye akamrushia Gil Hodges kwenye besi ya kwanza kabla McDougald hajarejea. Wawili wakatolewa kwa pigo moja.

Basi Podres aliguswa, tena sana. Alichowanyima Yankees ni mkimbio. Ndiyo maana napenda kitenzi "nyima" hapa, au "hakuruhusu", na kwa upande wa walioshindwa, "waliambulia patupu". Mimi ningeandika: "Dodgers waliwashinda Yankees mikimbio miwili bila. Podres alipigiwa mipira minane ya kufika besi, lakini hakuruhusu mkimbio hata mmoja." Usiishie kwenye "alipigwa mara nane", maana kupigwa nako ni kushindwa.

Ukitafuta wa kumwandikia "bila kuguswa", yupo Don Larsen wa Yankees. Tarehe 8 Oktoba 1956, kwenye uwanja uleule na dhidi ya Dodgers haohao, matokeo yalikuwa tena mikimbio miwili bila, safari hii kwa Yankees. Wapigaji 27 walisimama mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza.