Pazia la hewa halizibi nyufa za bati

Swali: Mimi ni mhandisi chipukizi hapa Kisumu. Ninatayarisha mfano wa kompyuta wa matumizi ya nishati katika supamaketi yenye viyoyozi na mlango wa mita 2 kwa 2.1. Muuzaji wa mapazia ya hewa (feni za juu ya mlango zinazovumisha hewa kwenda chini) aliniambia nipunguze hewa inayopenya jengoni kwa asilimia 80. Nimefanya hivyo, na mwenye jengo amefurahia akiba. Je, nimekosea?

Jibu: Umekosea, ingawa lawama kubwa ni ya aliyekupa tarakimu hiyo, wala wewe si wa kwanza kuniletea mfano wa namna hii. Asilimia 80 hupatikana kwa kulinganisha hewa inayopita kwenye mlango ulio wazi pazia likivuma na ile inayopita pazia likiwa limezimwa. Haihusu madirisha, nyufa za paa wala mlango wenyewe ukiwa umefungwa.

EnergyPlus, kwa mfano, ambayo ni programu ya kukokotoa nishati ya majengo, haina kifaa kinachoitwa pazia la hewa, kwa hiyo ni juu yako kuutenga mlango, kuupa ratiba ya kufunguka, kupunguza mtiririko wa saa hizo tu, na kuingiza umeme wa feni kama mzigo unaojitegemea. Anza kwa hesabu ya mkono. Nje kukiwa na joto la nyuzi 5 zaidi ya ndani na upepo umetulia, mlango huo ukiwa wazi huingiza takriban mita za ujazo 0.5 kwa sekunde, yaani mzigo wa joto wa kilowati 2.5 hivi bila kuhesabu unyevu. Pazia likizuia asilimia 80 ya mzigo huo, kiyoyozi kinachotoa ubaridi mara 3 ya umeme wake kitaokoa kilowati 0.67. Mlango ukiwa wazi nusu ya muda, akiba hushuka hadi 0.33, ilhali feni ya wati 400 isiyozimwa inakula 0.4. Unyevu wa hewa ya ziwani utaongeza faida, nawe uuhesabu, lakini ile akiba iliyomfurahisha mteja wako hutaiona tena.

Linaloniudhi zaidi ni upepo, ambao wauzaji hawautaji kamwe. Pazia ni mkondo wa hewa tu: shinikizo likizidi nguvu yake, hupinda kisha hupasuka. Hewa ya Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini hata hivyo upepo wa mita 3 kwa sekunde husukuma kwa paskali 4.6, na wa mita 6 kwa paskali 18. Nao upepo wa ziwa huja alasiri, saa zile zile viyoyozi vinapolemewa.

Niliwahi kusimama saa tisa alasiri kwenye mlango wa duka moja mjini, nikiwa na ukanda wa karatasi ya choo uliofungwa kwenye kijiti. Usawa wa kichwa ulitikisika ukielekea chini, jinsi pazia lilivyokusudiwa. Usawa wa goti ulilala kuelekea ndani kama bendera, kwa sababu feni za jiko la kuokea mikate zilikuwa zikitoa hewa nyingi kuliko iliyoingizwa. Mfano wa duka hilo ulikuwa na asilimia 80 kila saa ya mwaka, na viyoyozi vilikuwa vimepunguzwa ukubwa kwa kuutegemea. Kwa hiyo anayekuuzia pazia akuonyeshe kasi ya hewa linapofika sakafuni, na shinikizo ambalo halilivumilii tena. Akishindwa, weka punguzo la sifuri kwa saa za upepo wa ziwa.