Mpira wa ubavuni umeachia? Usiongeze skrubu kabla ya kuona kilichopo chini

Mkuu, umesema mpira wa ubavuni umeachia upande mmoja wa boti yako kuukuu ya faiba, na fundi anataka apige skrubu ndefu zaidi kisha apake silikoni. Mimi nisingemruhusu.

Boti nyingi za faiba hutengenezwa vipande viwili, mwili na deki, kisha deki hufunika mwili kama kifuniko cha boksi la viatu. Mpira huo ndio unaoficha maungio. Hapo pakilegea, kila wimbi linaingiza maji hadi kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na watu wanabaki kulaumu pampu.

Yangu nilipoifungua huku Kunduchi, reli ya alumini inayoshika mpira ilikuwa imeliwa kuzunguka kila skrubu, unga mweupe umejaa matunduni. Stenlesi na alumini kwenye maji ya chumvi ndiyo kawaida yake. Skrubu zilizogoma nilizikata vichwa kwa grainda.

Ukishafungua, kwangua gundi yote ya zamani, pitisha asetoni. Matundu yaliyolegea ziba kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya) iliyokorezwa, ikikauka utoboe mapya pembeni, na midomo yake uitanue kidogo ili jelikoti, yaani tabaka la juu linalong'aa la faiba, isipasuke. Masika kazi hii iache, faiba yenye unyevu haishiki epoksi. Kisha kaza maungio na uyazibe kwa silanti (gundi ya kuzibia) ya poliyurethani ya baharini. Silikoni, hapana! Inaacha mafuta ambayo rangi wala gundi haishiki tena juu yake. Wala usichukue silanti kali kupindukia, siku ya kufungua itaondoka na jelikoti.

Kabla ya kurudisha reli, mtu mmoja amwagie maungio maji kwa mpira wa bustani, mwingine awe ndani na tochi. Panapovuja utapaona hapo hapo.

Mpira mpya uanike juani mchana mpaka ulainike. Anzeni katikati ya omo (mbele ya boti), wawili, mkielekea tezi (nyuma). Msiuvute! Uliovutwa hurudi ukipoa, na mwanya utabaki nyuma. Acha ziada, ukate siku inayofuata.

Dukani nenda na kipande cha ule wa zamani, upana wa mfereji wake ndio unaosumbua. Kama wako hauna reli ya alumini, umefungwa moja kwa moja kwenye faiba, tupia picha, maana ufungaji wake ni mwingine.