Binti yangu alikuwa hafungui daftari mpaka nikae pembeni yake

Mama mwenzangu, umeuliza ufanyeje na kijana wako wa darasa la nne asiyegusa kazi ya nyumbani mpaka ukae naye, mnamaliza saa 4 usiku wote mmechoka, na baba yake anaona dawa ni tuisheni. Waliotangulia kujibu wamekwambia umkazie, umnyime katuni. Mimi nilipita hapo hapo ulipo, na kukaza nilikaza sana. Hakukusaidia.

Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu. Binti yangu alikuwa darasa la nne mwaka 2020, mwaka ule shule zilipofungwa Machi 17 kwa ajili ya corona zikaja kufunguliwa Juni 29. Vipindi vikawa vinarushwa redioni na kwenye televisheni, mwalimu wa darasa anatuma maswali kwenye grupu la wazazi, mimi niko wodini. Narudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, nakuta hajafanya hata swali moja. Namuuliza kulikoni, ananijibu, "Nilikuwa nakusubiri, mama." Wala hakuwa na jeuri. Tangu aanze shule, mimi ndiye niliyekumbuka kuna kazi gani, nikafungua begi, nikachonga penseli, nikamwonyesha ukurasa na kumwambia anza hapa. Yeye kazi yake ilikuwa kuandika.

Na dalili niliziona mapema, nikazipuuza. Akiwa darasa la tatu walipewa kazi ya kuchora ramani ya Tanzania na maziwa yake. Nilimchorea mimi, usiku, na rangi nikapaka. Ikabandikwa ukutani. Siku ya kikao cha wazazi mwalimu akamwita mbele aonyeshe Ziwa Rukwa. Akaweka kidole kwenye Ziwa Nyasa, kisha akageuka kunitazama mimi niliyekaa dawati la nyuma. Ramani hakuitazama tena. Yale macho sijayasahau mpaka leo.

Kwa hiyo shule zilipofunguliwa nilianza na kukumbuka, kabla ya somo lolote. Nilimnunulia kidaftari kidogo cha kukaa mfukoni mwa begi. Kila siku kabla ya kengele ya kutoka aandike mwenyewe: somo, ukurasa, siku ya kupeleka. Basi. Wiki ya kwanza alirudi na kurasa tupu, anasema hakuna kazi, wakati grupu lote linaulizana kuhusu maswali ya Hisabati. Mkono uliniwasha nimtajie. Nilijizuia, akaenda shule bila kazi.

Hapo najua utaniuliza: akichapwa je? Mimi pia niliogopa. Ndiyo maana kabla sijaanza nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, nikamweleza kwamba nyumbani tunamfundisha mtoto kubeba kazi yake mwenyewe, na zitakuwepo siku atakuja mikono mitupu. Nikamwomba asimchape, amkalishe wakati wa mapumziko aimalize. Alikubali, tena akafurahi kuambiwa mapema. Usiruke hatua hii. Ukimwachia mtoto mzigo bila kuongea na mwalimu, utakuwa umemtupa. Wangu alikosa mapumziko mara tatu. Ya nne alirudi na kidaftari kimejaa, hadi tarehe.

Vifaa haviwezi kukupotezea siku nyingi. Boksi la viatu lenye penseli, kichongeo, ufutio na rula, vyote mahali pamoja, na madaftari ya masomo yote sita yakiwa na makava ya rangi tofauti ili asiyachanganye. Begi linapangwa usiku na mwenye begi. Akisahau daftari nyumbani, dada wa kazi asikimbizwe nalo shuleni.

Muda ndio uliotusumbua. Nilikuwa nampa saa nzima mfululizo, nikasahau kwamba hata shuleni kipindi ni dakika 40, na huyu ameshatoka kwenye vipindi vya siku nzima. Tukaweka saa 11 na nusu jioni, akishaoga na kula kitu, kabla televisheni haijawashwa. Dakika 20 za kazi, anapumzika kidogo, kisha 20 nyingine. Aanze na lipi anachagua yeye.

Halafu mimi nikaanza kusogea mbali kidogo kidogo. Wiki za mwanzo nilikaa meza moja naye, lakini nikiwa na kazi yangu, nakunja nguo au nachambua mchele. Baadaye nikahamia jikoni. Siku nikiwa zamu anabaki na dada, ambaye nilimwomba asimsaidie jibu lolote. Akikwama tulikubaliana hivi: alisome swali kwa sauti, aangalie mfano mwalimu alioufanya darasani, na kama bado halielewi aweke nyota aendelee na linalofuata. Nyota zote ananiletea mwishoni. Nilishangaa. Siku nyingi nyota tano zilikuwa zinabaki mbili kabla hajanifikia. Na mimi nikifika simwambii jibu, namuuliza swali linataka nini.

Kusoma nako kuna namna yake, na hii hakuna aliyetufundisha. Binti yangu alidhani kujisomea ni kusoma daftari tena na tena mpaka usingizi. Nilimwambia afunge daftari, amweleze bibi yake. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakusoma sana lakini haachi jambo lipite. Siku moja mtoto anamweleza kwamba mmea unajitengenezea chakula. Bibi akamuuliza, "Unakipikia wapi, na moto uko wapi?" Mtoto kimya. Akakimbilia daftari, akarudi: kwenye majani, na jua ndilo moto wake. Swali lile lilipotokea kwenye jaribio wiki mbili baadaye, akaandika bila kusita. Kama huna bibi nyumbani, mdogo wake anatosha, au wewe mwenyewe ukiwa unapika.

Nikupe tahadhari moja ya kikazi. Kabla hujasema mtoto ni mzembe, linganisha alichonakili ubaoni na cha mwenzake. Maneno yakiwa nusu nusu, namba hazifanani na za ubaoni, au anakunja macho, mpeleke akapimwe macho. Nimeona watoto wamechapwa miaka kwa jambo linalomalizwa na miwani. Na umsikilize akisoma kwa sauti. Kama darasa la nne bado anaunga silabi, basi shida yake haiko kwenye kazi ya nyumbani. Rudi naye kwenye kusoma kwanza, dakika 15 kila siku, bila kumwaibisha.

Ilituchukua karibu mihula miwili, na tulianguka njiani mara nyingi. Kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hakupata A tupu, Hisabati alitoka na C. Lakini ilikuwa C yake. Sasa yuko sekondari, masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuandika maneno mapya nyuma ya daftari bila mimi kumwambia.

Kuhusu tuisheni, mwombe baba yake asubiri muhula mmoja. Mtoto aliyezoea kusubiriwa nyumbani ataenda kusubiri na kule, ila sasa mtakuwa mnalipia. Jumatatu nunua kile kidaftari, nenda kamwone mwalimu wa darasa, mengine yaache kwanza. Wiki ya kwanza ikipita urudi hapa utuambie alirudi na nini.