Kwa mnaoanza maabara: muulizeni kila bakteria anaumiza vipi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, majina ya Kilatini mtayakariri tu, mtihani utawalazimisha. Mazoea ya kujijengea mapema ni haya: kwa kila bakteria, jiulizeni anaingilia wapi, anajishikiza wapi na anaumiza kwa kitu gani. Ukijua hayo, dalili na tiba hazikupi taabu tena.

Chukueni kipindupindu. Vibrio cholerae ana umbo la mkato na mkia mmoja wa kuogelea. Asidi ya tumboni huua wengi wao. Wanaonusurika hufika utumbo mwembamba, wakajishikiza juu ya ukuta wake. Hawautoboi wala hawaendi kwenye damu. Kazi yao ni kumwaga sumu. Sehemu moja ya sumu hiyo hunasa kwenye seli ya utumbo, nyingine huingia ndani na kuilazimisha seli itoe kloraidi, sehemu ya chumvi, mfululizo. Chumvi ikitoka, maji huifuata, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Hapa msipite haraka. Sumu hiyo haiharibu njia nyingine ya seli, ile inayoingiza sodiamu pamoja na glukosi. Ndiyo sababu maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi huokoa watu, na maji matupu hayatoshi. Aliyelegea kabisa hutundikiwa dripu. Antibayotiki hufupisha ugonjwa, lakini uhai unategemea maji yaliyorudishwa. Kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote katika somo hili.

Kifua kikuu kina njia yake. Bakteria wake hana sumu ya kumwaga namna hiyo. Humezwa na seli za kinga, akaishi humo humo. Hugawanyika mara moja kwa saa 15 hadi 20, wakati E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, kwenye mazingira mazuri hutumia dakika 20 hivi. Basi msishangae kuotesha makohozi kunachukua wiki kadhaa. Ukuta wake una nta, kwa hiyo tunampaka rangi ya Ziehl-Neelsen, inayopenya nta hiyo, si ya Gram, ile ya kawaida inayogawa bakteria kuwa wa zambarau na wa waridi.

Na kuhusu rangi ya Gram, tunayoitumia tangu 1884: alkoholi, inayoosha rangi ya kwanza, ndiyo hatua ya kuwa macho. Ukizidisha sekunde, bakteria wa zambarau hugeuka waridi na daktari atapewa jibu potofu. Kila mara pakeni na slaidi ya bakteria mnaowajua, mlinganishe.

Pepopunda nayo ni sumu, ila hii hushika mishipa ya fahamu, misuli ikakakamaa. Kiasi kidogo mno kinatosha kuua, kidogo hata mwili usipate cha kujifunzia kujikinga. Kwa hiyo aliyepona pepopunda bado anahitaji chanjo yake.