Programu Inakataa Kujengwa

SWALI: Ndugu Mhariri, natumia mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04. Ninapojenga programu kutoka katika msimbo wake chanzo, amri ya make, inayoendesha ujenzi huo, inakatika ikidai kwamba faili la zlib.h halipo, ilhali zlib, maktaba ya kubana data, ninayo. Nimepakua msimbo upya mara 3 hadi bando limekwisha. Nifanye nini?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Usipakue tena, kwa kuwa dalili hiyo haioneshi kasoro katika msimbo. Mfumo wa Debian, na Ubuntu iliyotokana nao, hugawa maktaba hiyo katika vifurushi viwili: zlib1g, ambacho programu iliyokwisha kujengwa hukihitaji ili ifanye kazi, na zlib1g-dev, chenye faili la zlib.h ambalo kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, hulisoma wakati wa kujenga. Bila shaka unacho cha kwanza tu. Andika sudo apt install zlib1g-dev, kisha urudie make, ambayo kwa kawaida huendelea pale ilipoishia.

Huenda likatajwa faili jingine, kwa mfano openssl/ssl.h, ambalo limo katika libssl-dev. Hapo soma kosa la kwanza, si mstari wa mwisho, ambao mara nyingi husema tu kwamba make imeshindwa. Nakusihi sana katika hili, maana wengi hupoteza siku nzima wakihangaika na mstari huo. Ikiwa ulitumia make -j4, inayofanya kazi 4 kwa wakati mmoja, ujumbe wa kazi hizo huchanganyika. Rudia bila -j ili kosa lenyewe lionekane mwishoni, karibu na mahali kazi iliposimama.