Majibu kwa wasafiri: kilomita hazikuambii saa ya kufika

Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilomita ngapi, na ndege huchukua muda gani? (Msomaji, Masasi)

Ni kilomita 8,700 hivi, na ndege isiyotua njiani huchukua takriban saa 11. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Masasi hapandii ndege hiyo mlangoni kwake: ajumlishe basi la kushuka Mtwara, ndege ya kwenda Dar es Salaam, na saa tatu za kupanga foleni kaunta na uhamiaji, ndipo aiambie familia atafika lini.

Tiketi ya Mumbai inasema naondoka Dar es Salaam 20:00 na kufika 04:30. Hizo ni saa nane na nusu, lakini wakala anasema ni sita. Nani mwongo? (Msomaji, Lindi)

Hakuna mwongo, ila swali hili limejibiwa hapa mara nyingi kiasi cha kuchosha. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka na saa ya kufika ni ya mji unaofika; India imetutangulia kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo zitoe na utapata sita za wakala wako. Linaloniudhi zaidi ni tarehe, ambayo watu huipita bila kuisoma. Tiketi iliyoandikwa 00:40 Jumanne ina maana ya saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne, na anayetokea uwanjani Jumanne jioni akiwa na masanduku yake ameachwa tangu usiku uliopita.

Na Mtwara hadi Dar es Salaam? (Msomaji, Newala)

Kilomita 400 hivi angani, takriban saa moja.

Kwa nini safari ya London hadi Tokyo imerefuka, ilhali miji haijahama? (Mwanafunzi, Mikindani)

Hili ndilo swali lililonifurahisha. Umbali wa karibu kilomita 9,600 hupimwa kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, na njia hiyo hupita Siberia. Tangu Urusi ilipoyafungia anga yake mashirika ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya mwaka 2022, ndege zao huzunguka, ama kusini kupitia Uturuki na Asia ya Kati, ama kaskazini karibu na Ncha, na safari iliyokuwa ya saa 12 hivi, sasa hukaribia 14. Upepo nao una lake: New York hadi London huwa pungufu ya kurudi kwa takriban saa nzima, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kuelekea mashariki.

Nikate tiketi mbili tofauti, ya Mtwara na ya nje, nikiacha saa mbili katikati? (Msomaji, Nachingwea)

Usithubutu. Ndege ya Mtwara ikichelewa, shirika la pili hulidai wala halikujui. Litakuhesabu kuwa hukutokea, na tiketi mpya utainunua kwa bei ya siku hiyo. Kata tiketi moja inayounganisha safari zote, au lala Dar es Salaam usiku mmoja.